Mswada wa simulizi za wadada wa kazi umekataliwa, naombeni ushauri

Binti_Makorora
Habari zenu wakuu. Nina mswada wa simulizi za wadada wa kazi za ndani, hawa wanaotolewa kijijini wakiwa bado watoto kabisa. Wamenisimulia kwa midomo yao wenyewe, kulala jikoni, mshahara miezi na miezi haulipwi, halafu siku anadai hela yake anasingiziwa kaiba anafukuzwa usiku bila hata nauli. Mchapishaji mmoja kanijibu kizuri ila "hakiendani na mtaala", yaani shule hazitanunua basi hakina soko. Mwingine anataka nilipe gharama zote mimi halafu haki zote zibaki kwake. Nimefikiria nirushe tu PDF WhatsApp bure lakini wengi wao wana simu za kitochi tu na niliwaahidi watakishika mkononi. Kuna wachapishaji wa kujitegemea wanaochukua vitabu vya haki za watu? Au nichape mwenyewe? Na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, naipata wapi?

Mzee_wa_Rafu
Binti yangu huyo wa pili usimsainie chochote. Mchapishaji anaweka hela yake, anahariri, anauza, wewe unakula mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo. Anayetaka hela yako na haki zako ni mpigachapa tu kajiita mchapishaji.

Na usivunjike moyo kukataliwa, vitabu vya namna hii vingi vimetoka kwa watu wadogo. Angalia Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana. Oktoba 1968 alikuwa anafundisha chuo kikuu Jamaica, akaenda mkutanoni Kanada, kurudi serikali ikamzuia kuingia kwa sababu alikuwa anawafuata marasta na watu wa hali ya chini hukohuko waliko anawafundisha historia ya Afrika. London walikuwepo Waguyana wenzake, Jessica Huntley na mumewe Eric, wakachangishana na rafiki zao wakachapa mazungumzo yake yale 1969, ndo mwanzo wa Bogle-L'Ouverture, kampuni yao ya kuchapisha vitabu, kazi yote inafanyika nyumbani kwao. Rodney akarudi Mlimani, chuo kikuu cha Dar, na 1972 kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatolewa kwa ubia, hao Huntley pamoja na Tanzania Publishing House (TPH) ya hapa Dar. Kinasomwa mpaka leo dunia nzima.

Kalamu_Tupu
Mzee shikamoo, naongezea hapo. TPH haikuwa ya kujitegemea, ilikuwa shirika la umma, ila ndani yake walikuwepo watu wenye msimamo kama Walter Bgoya aliyeiongoza kuanzia 1972. Na tusisahau serikali hiyohiyo 1970 ililifungia Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani, baada ya kutoa toleo zima la andiko la Issa Shivji kuhusu matabaka nchini. Lilikuwa linatolewa kwa mashine ya stensili, wanafunzi wanapanga kurasa kwa mkono. Miaka michache baadaye andiko lilelile likatoka kama kitabu, na mchapishaji ni TPH! Kwa hiyo dada, ndani ya nyumba moja jana mlango umefungwa leo kuna mtu anaufungua, cha muhimu ni nani kakaa pale kwenye kiti cha mhariri.

Bgoya alikuja kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota, 1991, hao ndo ningeanza nao. Wanauza pia nje kupitia African Books Collective ya Oxford, umoja ulioanzishwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe. Ila uwe na subira, tangu vitabu vya kiada virudishwe Taasisi ya Elimu wachapishaji binafsi wamebanwa sana, ndo maana kila mtu anakuuliza mtaala mtaala.

Mtu_wa_Kibokoni
Mimi niko Mombasa. Mshairi wetu Abdilatif Abdalla alipoandika "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968 akiikosoa serikali hakungoja mchapishaji, ilikuwa karatasi tu zikapitishwa kwa watu, na kwa hiyo karatasi akafungwa miaka mitatu. Jela akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka 1973, Sauti ya Dhiki, na waliochapa ni Oxford University Press ya Nairobi, kampuni kubwa hiyo, mwaka wa pili kikapewa tuzo yenye jina la Kenyatta yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kwa hivyo dadangu usimfungie mlango yeyote. Na huku Nairobi kuna Vita Books, wao hasa ni vitabu vya mapambano ya wanyonge, waandikie pia.

Fundi_Ofset
Nimefanya kazi press miaka mingi ngoja niseme ya kwangu. Ukichapa mwenyewe usianze na kitabu kizima. Chukua simulizi mbili tatu fanya kijitabu cha kurasa 16, hizo zinatoka kwenye shiti moja kubwa, inakunjwa inapigwa pini katikati, hakuna gundi. Ukizidi hapo panda kwa 16, 32, 48, vinginevyo unalipia karatasi inayoenda kutupwa. Kopi chache nenda dijitali, ofset inalipa ukiwa na kopi nyingi kwa sababu gharama ya pleti, zile sahani za kuchapia, ni ileile hata uchape kumi. Fonti weka kubwa kidogo, hao wadada wengi watasomea mwanga hafifu usiku kazi zikiisha. ISBN kwa huku Bara unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba.

Binti_Makorora
Asanteni sana wakubwa zangu, hii ya kurasa 16 imenikaa kabisa, naweza kuwapa wao wakati mswada mzima unazunguka kwa wachapishaji. Majina nimeshabadilisha yote, hiyo inatosha?

Kalamu_Tupu
Haitoshi. Badilisha na mtaa, kazi ya bosi, idadi ya watoto wa ile nyumba, mabosi wengine watajitambua kwa hayo tu na atakayeumia kwanza ni yule binti kama bado yuko kwao. Kabla hujapeleka press mrudie kila mmoja umsomee simulizi yake yote kwa sauti, akisema hapa futa, unafuta.