Je, elimu ya mzazi ndiyo inayomfanya mtoto apige mswaki?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro
Habari za jioni, ndugu zangu. Kwa miaka kadhaa nimeona kwamba watoto ambao wazazi wao wamefika sekondari au chuo huja shuleni, wengi wao, wakiwa wamepiga mswaki, ilhali wenzao hunieleza kwamba nyumbani mswaki ni mmoja, nao ni wa baba. Hata hivyo, juzi nilipowaomba wafungue vinywa, aliyekuwa na magego mawili yaliyotoboka ni mtoto wa mzazi mwenye shahada. Je, mazoea haya hujengwa na elimu yenyewe, au na kipato kinachoandamana nayo?

Tabibu wa meno
Mwalimu, yote mawili yamo. Aliyesoma huweza kuangalia kwenye tyubu kama dawa ya meno ina floraidi (madini yanayokinga meno yasioze) ya kutosha, yaani sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa kila milioni, na akaelewa kwamba mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Lakini liko kosa ninalolikuta kwa waliosoma na wasiosoma sawasawa. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, hivyo mzazi hulidhania kuwa la utoto na kuliacha lioze. Mkono wa mtoto wa umri huo haulifikii vizuri. Asaidiwe hadi miaka 7 au 8.

Mama wa watoto wanne, Tanga
Mimi niliishia darasa la saba, na marehemu mama hakujua kusoma kabisa, ila kila alfajiri alitukatia vijiti vya mti wa mswaki, akatuonyesha namna ya kutafuna ncha mpaka nyuzi zitawanyike, kisha tukasugua sote pamoja naye. Leo natumia dawa ya dukani, na kila usiku mwanangu mdogo hulaza kichwa mapajani pangu, nikamnyanyua mdomo kwa kidole ili nione ukoga ulipojificha kwenye ufizi. Hayo nilionyeshwa kliniki na muuguzi aliyeushika mswaki mwenyewe, na sikuhitaji cheti ili kuyaelewa.

Baba, Dodoma
Shahada ninayo, na yote hayo niliyajua. Natoka saa 11 alfajiri na kurudi mtoto amelala, na dada wa kazi, ambaye sikuwahi kumwelekeza, alimlaza na chupa ya maziwa yenye sukari. Usiku mate hupungua, sukari ikabaki kwenye meno hadi asubuhi. Alipofika miaka 4 aling'olewa meno mawili ya mbele, na kosa lilikuwa langu, si la yule binti.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro
Nawashukuru sana, hasa Baba wa Dodoma kwa kulisema hilo waziwazi. Kwenye mkutano ujao wa wazazi nitaomba kila nyumba imlete pia yule anayemlaza mtoto, awe bibi, dada wa kazi au kaka mkubwa, nami nitakuja na tochi ili kila mmoja alitafute gego lile la nyuma kinywani mwa mtoto wake.