Kuweka chakula cha miezi sita kwa akiba ndogo: nianze na nini, na nihifadhije?

BuhongwaJuu
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu. Kaya yetu ina watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, tumepanga Buhongwa, Mwanza. Kuna stoo ndogo, bati tupu, haina dari. Unga tunanunua kilo kilo dukani, dagaa na maharage kwa kikombe, mkaa kwa kopo, kwa hiyo bei ikipanda asubuhi, mchana imeshatufikia mezani. Sasa ni Julai, mahindi na mpunga vimejaa sokoni na bei imelegea. Nina akiba kidogo ila haitoshi kununua kila kitu. Nianze na nini? Gunia ngapi zitatufikisha mwisho wa Desemba? Na nifanyeje dumuzi wasinimalizie? Hapa mtaani wengi wameacha kuweka mahindi kwa sababu yao.

GhalaKavu
Anza na mahindi, mengine yafuate.

Hesabu yako ni hii. Kaya ya ukubwa huo ikipika ugali mara moja kwa siku, na mara mojamoja mara mbili, inatumia kama kilo 1.5 za unga. Julai hadi Desemba weka siku 180, unapata kilo 270. Ukisaga dona, karibu kila kilo inarudi kuwa unga, kwa hiyo gunia tatu za kilo 100 zinakutosha na kubaki. Ukikoboa sembe, karibu robo inaondoka kama pumba, na kwa ulaji uleule utahitaji kilo 360 hivi. Kwa kaya inayojibana hiyo kilo 90 ya ziada ni pesa nyingi. Kuleni dona. Ila dona isisagwe nyingi kwa mpigo, maana kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huanza kuchacha mapema. Saga ya wiki mbili, mahindi mengine yabaki punje.

Nunua kwa mizani. Debe la kilima na debe la kusawazisha si kilo zilezile, na mahindi mabichi yana uzito wa maji ambao unaulipia.

Unyevu ndio unaowaangusha wengi, kuliko hata dumuzi. Kipimo cha nyumbani: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi ya unga iliyoanikwa juani mpaka ikawa kavu. Funga, tikisa dakika mbili, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika, uko chini ya hapo, lakini kwa kuhifadhi miezi sita unataka 13 au pungufu. Kwa hiyo hata yakipita kipimo, yaanike siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyageuze. Yaache yapoe kivulini ndipo ufunge. Ukifunga yakiwa ya moto yanatoa jasho ndani ya mfuko, na ukungu unaanzia tabaka la juu.

Kabla ya kufunga, pepeta, chagua. Punje zenye ukungu, zilizopasuka au zilizobadilika rangi zitupe, na kuku usiwape. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara.

Mfuko: tafuta ile ya kinga njaa, ya PICS au inayofanana nayo, yenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje. Inafanya kazi kwa kunyima hewa: wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni, kisha wanaacha kula na kufa. Dawa haihitajiki. Kwanza pima matundu: jaza hewa mfuko wa ndani, sokota mdomo, ubane ukisikiliza. Ukilegea, una tundu. Ukiwa salama, mimina mahindi kidogo kidogo ukitikisa na kushindilia ili hewa isibaki pembeni. Acha mdomo mrefu, usokote mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje, ufunge kwa kamba ya mpira. Fanya hivyohivyo kwa mfuko wa pili, halafu kiroba cha nje.

Makosa ninayoyaona sana ni kufungua gunia zote tatu, kila moja kuchota kidogo. Kila ukifungua umewapa wadudu hewa. Fungua moja, limalize, ndipo uguse la pili. Tena ni heri uchukue ya kilo 50 sita badala ya kilo 100 tatu.

MamaWaMwaloni
Niongezee ya kitoweo. Dagaa wa ziwa letu, Victoria, wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo usiku wa giza wanajaa na siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika. Ukienda soko la samaki la Kirumba mwaloni, angalia mwezi kwanza. Siku chache baada ya giza kuanza, mzigo unakuwa mwingi na muuzaji anakusikiliza. Na nunua sasa kiangazi. Mvua zikianza dagaa hawakauki vizuri, wanaoza chanjani, na wanaobaki bei yake haishikiki.

Chukua wa chanja, waliokaushwa juu ya vichanja, si wa mchanga walioanikwa chini. Wa mchanga unalipia mchanga. Tumbukiza kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri: kilichotua chini ndicho ulichokuwa unakipima kwenye mizani. Dagaa mzuri anang'aa fedha, ukimkunja anakatika kwa mlio. Akipinda bila kukatika bado ana maji. Akiwa na rangi ya njano au kahawia na harufu kali kooni, mafuta yake yameshaharibika, hata ukimkaanga hatatengemaa.

Nyumbani waanike tena siku moja, wapoe, uwaweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali penye giza. Nunua wa miezi miwili tu. Ni samaki mwenye mafuta, hakai kama mahindi.

Maharage weka kwenye madumu ya mafuta ya kula ya lita 20, yaliyooshwa kwa sabuni na kukauka ndani kabisa. Dumu moja linachukua kama kilo 15. Jaza mpaka shingoni, gonga chini yashuke, ongeza, kaza kifuniko. Nafasi tupu juu ni hewa ya wadudu. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya shamba usiliguse. Na usiweke maharage mengi ya kukaa mwaka: yakikaa kwenye joto yanakuwa magumu, hayaivi, na mkaa unakwisha huku yakigoma. Yaloweke usiku kucha, maji hayo umwage.

Wengi wanasahau michembe na matobolwa, na mazao haya ni ya kwetu. Viazi vitamu vikishuka bei Magu au Misungwi, nunua gunia moja. Michembe: menya, acha vinyauke siku moja, kata vipande vyembamba, anika juu ya mawe mpaka vivunjike kwa mlio. Matobolwa unachemsha kwanza ndipo ukate na kuanika. Hivyo ni vifungua kinywa vya watoto kwa miezi bila kununua mkate.

AkibaKwanza
Nakubaliana na wenzangu, ila usiweke pesa yote kwenye mahindi. Mtoto akiugua Agosti, utauza gunia kwa bei ileile ya chini uliyonunulia, au pungufu. Kwanza tenga pesa ya mwezi mmoja ya kodi, nauli na matibabu, mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache. Inayobaki ndiyo ya gunia. Na usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili ununue mahindi. Riba ya wiki kwa wiki itakula faida yote ya kununua msimu wa mavuno, na gunia lenyewe linaweza kuondoka kama dhamana.

Mpunga ukiuweza, weka ukiwa na maganda. Mchele uliokobolewa unashambuliwa haraka zaidi.

Nishati: maharage yakishachemka sana nusu saa, yafunike na sufuria yake ndani ya kapu lililojazwa matambara au blanketi kuukuu, yaache masaa matatu au manne. Yatamalizia kuiva yenyewe, na ukiyarudisha jikoni ni kidogo tu. Ule mchemko wa mwanzo usiupunguze, maharage mabichi yana sumu inayoondolewa na kuchemka. Kwa umeme, kama mita yenu iko daraja la D1, lile la watumiaji wadogo wa majumbani, chungeni msivuke uniti 75 kwa mwezi, maana zinazozidi zinalipiwa bei ya juu sana. Mita ikiwa ya kushirikiana na wapangaji wenzio, hilo mlipange pamoja.

BuhongwaJuu
Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. Yamebaki mawili: stoo ya bati inapata joto kali mchana, itaharibu? Na mifuko ya kinga njaa ikinishinda bei, viroba vya kawaida na dawa vinafaa?

GhalaKavu
Joto la bati lenyewe haliui mahindi makavu. Shida ni mchana moto, usiku baridi: kama unyevu ulibaki, unapanda juu na kutengeneza maji chini ya mdomo wa mfuko. Weka gunia juu ya chaga au mbao, mbali na ukuta kiganja kimoja, ufunike kwa magunia matupu. Kama kuna kona ya chumba isiyopigwa jua, hiyo ni bora kuliko stoo. Makombo yasibaki sakafuni, panya akitoboa plastiki mara moja kazi imekwisha.

Viroba na dawa ya unga ya nafaka vinafaa, kwa kipimo cha kwenye pakiti, umechanganya kwa koleo juu ya turubai, na ukasubiri siku zilizoandikwa kabla ya kula. Lakini dawa ya pamba usiweke kwenye chakula kamwe. Na vile vidonge vya kufukizia usivitumie nyumba mnayolala: vinatoa gesi inayoua watu usingizini, nanyi mna vyumba vilivyoshikana. Bei ikibana, nunua mfuko mmoja kwa ajili ya gunia la mwisho, lile mtakalofungua Novemba. La kwanza mtalimaliza kabla dumuzi hawajazaliana sana. Ukitunza mfuko usipate tundu, mwakani unautumia tena.

MamaWaMwaloni
Na gunia la kwanza liwe lile lenye punje zilizovunjika zaidi. Punje hizo ndizo zinazowahi kuharibika.