Gugu la kiduha limevamia mtama wangu Kongwa, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi naishi Mbagala, shamba langu la ekari 4 liko Kongwa, Dodoma. Nalilima kwa simu na safari mbili tatu kwa msimu (najua, msinicheke).

Nimepanda mtama aina ya Macia misimu miwili mfululizo. Wa kwanza gunia 22, huu wa juzi 9 tu. Mvua haikuwa mbaya, na ndege aina ya kwelea kwelea tulipambana nao. Tatizo ni kiduha, hili gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mtama ukifika magotini unasinyaa kama una kiu, ilhali ukifukua udongo una unyevu. Baadaye chini yake vinachomoza vijimea vyenye maua madogo mekundu. Kijana wangu aliving'oa, ila alichelewa, vilishadondosha mbegu, nazo ni kama vumbi. Kipande nilichomwagia samadi kilipata nafuu kidogo.

Sasa Desemba inakuja. Nipumzishe mtama nipande karanga au alizeti kwanza, au inatosha kubadili mbegu niweke Hakika au Wahi, aina za mtama zinazostahimili kiduha? Na mbegu hizo kwa hapa Dar zinapatikana, au nizifuate Dodoma? Mwenye uzoefu wa kiduha anisaidie tafadhali.