Toyota Altezza manyuo ya 1999, niuze ama niishikilie?

Swali: Wadau, nina Altezza RS200, gia sita za manyuo (unabadilisha kwa mkono), injini ile ya 3S-GE BEAMS haijaguswa. Jamaa zangu wanasema niuze nichukue Mazda Demio, kagari kadogo ka kawaida. Hizi sporti za zamani zitakuja kupanda bei kweli?

Jibu: Usiuze boss! Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, na Toyota waliacha kutengeneza Altezza 2005, kwa hivyo zilizoko ndo hizo hizo na kila siku zingine zinagongwa ama zinakatwa spea, sasa manyuo orijino utaitoa wapi tena?

Jibu: Mi napinga kidogo. Uchache peke yake hautoshi, lazima watu waitamani. Subaru Impreza 22B ya 1998, Japani ziliuzwa 400 tu, lakini ni rali na jina la dereva wa rali Colin McRae ndo vinaibeba. Altezza nyingi huku zishabadilishwa bampa, eksozi, wengine mpaka injini, hizo sioni zikipanda.

Jibu: Marekani gari ya nje ikifika miaka 25 inaruhusiwa kuingia, ndo maana Nissan Skyline za Japani zilipanda bei vile. Yako itunze ilivyo kaka, toa kutu mapema, weka karatasi zote za sevisi, na usikubali fundi akate waya za kiwandani eti anafunga redio.