Kwanini mkongwe wa mwisho ndo azikwe kitaifa?

msomaji_usiku: Wadau hili mnalionaje, askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza wamekufa kwa maelfu kimya kimya vitandani kwao, halafu akibaki mmoja ndo serikali inashtuka, bendera, gwaride, rais kanuna mstari wa mbele. Bunge la Canada 2006 likapitisha kabisa kwamba wa mwisho azikwe kitaifa. Sasa huyo kawazidi nini wenzake, si kachelewa kufa tu?? Simdharau mtu, nauliza.

babu_kofia: Mkuu hata wazee wenyewe waliona hivyo hivyo. Huyo wa Canada, John Babcock, aligoma. Vita viliisha yuko bado mazoezini Uingereza sababu ya umri, mapigano hakuyaona, akafa zake 2010 ana miaka 109 bila mbwembwe. Ila anayenigusa mimi ni Lazare Ponticelli wa Ufaransa, tena mzaliwa wa Italia. Rais wao wa wakati huo, Chirac, alipotangaza mazishi ya kitaifa kwa wa mwisho, mzee akakataa, eti ni kuwatukana waliokufa bila heshima yoyote. Januari 2008 mwenzake Louis de Cazenave akafariki, akabaki peke yake, ndo akalegea kwa masharti: misa ya kawaida, na iwe kwa ajili ya wote waliokufa vitani. Machi hiyohiyo naye akaenda, miaka 110.

kijana_wa_pwani: Na Abdoulaye N'Diaye je? Msenegali, kawapigania Wafaransa haohao, kafa Novemba 1998 imebaki SIKU MOJA avalishwe Légion d'honneur, nishani ya juu ya Ufaransa. Miaka 80 walikuwa wanatafuta pini ya kuibandikia?

mama_T: 😂 hiyo pini imeniua. Ila jamani bora hata hao walioshtuka. Erich Kästner wa Ujerumani (sio yule mwandishi wa jina hilohilo) alikufa 1 Januari 2008, kwao hakuna hata orodha rasmi ya wakongwe, watu wakaja kujua baadaye kwamba alikuwa huenda ndo wa mwisho. Mimi nampenda Harry Patch wa Uingereza, mazishi yake 2009 pale Wells alitaka pasiwe na silaha, hata panga za gwaride marufuku, na wanajeshi wa Kijerumani wakashiriki kusindikiza jeneza.

msomaji_usiku: Mama T hilo la panga sikulijua. Kumbe kuna waliowauliza wazee wenyewe kabla.

kijana_wa_pwani: Waliwauliza waliobaki mkuu.