Kondakta akiondoka, abiria anabaki na nani?

Mada iliyo mezani ni hii: mabasi na treni za mijini ziendelee kuwa na kondakta, au wakati umefika wa kumwondoa? Aliyeianzisha ametoa hoja tatu. Nauli siku hizi inalipwa kwa kadi, kwa hiyo kazi ya kukusanya pesa imekwisha. Kamera zimefungwa kila kona, kwa hiyo ulinzi upo. Na treni sasa zinajiendesha zenyewe, sembuse kufungua na kufunga milango. Wengi mmemuunga mkono. Mimi napinga, ingawa kuna mahali nitakiri kwamba upande wenu una nguvu kuliko wenzangu wanavyopenda kukubali.

Nianze na treni inayojiendesha, maana ndiyo mnayoitaja sana. Reli ya Docklands, London, ilifunguliwa mwaka 1987, na kompyuta ndiyo inayoendesha. Viti vya mbele kabisa, pale ambapo ungetegemea kumkuta dereva, wanakaa abiria, na watoto wanavigombania. Lakini ndani ya treni yupo mfanyakazi. Anafunga milango, anakagua tiketi, anajibu maswali, na mitambo ikigoma anaishika treni mwenyewe na kuiendesha. Tazameni vizuri nani aliondolewa pale na nani alibakizwa. Aliyeondoka ni dereva. Anayefanya kazi ya kondakta yupo hadi leo. Copenhagen, Denmark, nako metro, yaani treni ya mjini, isiyo na dereva ilianza mwaka 2002, na wapo wahudumu wanaozunguka kwenye treni na vituoni. Kwa hiyo anayesema mashine imechukua nafasi ya binadamu aniambie ni nafasi ipi. Kuongeza mwendo na kupiga breki mashine inaweza, pengine kutuzidi. Kuwaangalia watu ni kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo wengi hamuioni kwa sababu ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Anayepapasa wanawake kwenye basi hafanyi vurugu. Anangoja saa za msongamano, anaweka begi mapajani, mkono unapita chini ya begi. Kamera iliyo juu ya mlango inaona vichwa na begi. Kondakta anayepita katikati ya viti anaona binti amejibana dirishani, amegeuza uso, magoti yameelekea ukutani ilhali kiti kina nafasi ya kutosha. Hahitaji kumshtaki mtu. Anasema tu, "Dada, njoo huku mbele, pana nafasi," na jambo limekatika hapo hapo kabla halijawa kesi. Halitaandikwa katika ripoti yoyote, na mwisho wa mwaka mhasibu akipiga hesabu ataona mshahara wa kondakta bila kuona kilichozuiwa.

Kamera sizidharau. Baada ya mashambulizi ya London ya tarehe 7 Julai 2005, yaliyoua abiria 52 kwenye treni tatu na basi moja, picha za kamera ndizo zilizowasaidia polisi kufuatilia njia waliyopita washambuliaji. Mahakamani picha ni ushahidi mzito, na kesi nyingi za wizi na shambulio zingekufa bila hizo. Ila ushahidi unakuja baada ya tukio. Ni haki kwa aliyeumizwa kwamba aliyemuumiza apatikane, lakini abiria alipanda basi ili afike salama.

Sasa Daegu, Korea Kusini, tarehe 18 Februari 2003. Naomba msiipite haraka, maana mjadala wetu wote umo humo. Mtu mmoja aliwasha moto kwa kimiminika ndani ya treni ya chini ya ardhi. Viti na kuta za ndani vilikuwa vya vitu vinavyoshika moto upesi. Treni nyingine ikaruhusiwa kuingia kituo kile kile, ikasimama ubavuni mwa ile inayoungua, na moto ukairukia. Dereva wa treni hiyo ya pili alikuwa peke yake na mamia ya abiria. Akawaambia wabaki vitini huku akihangaika kuwasiliana na chumba cha udhibiti. Mwishowe akakimbia na ufunguo mkuu wa treni, milango ikawafungia watu ndani. Walikufa watu 192, wengi wao wakiwa kwenye treni ya pili, ile ambayo hakuna aliyekusudia kuichoma.

Simtetei dereva yule, na sheria ilimshughulikia. Nauliza tu: mtu mmoja aliye kwenye chumba cha mbele, moshi unaingia, simu mkononi, anasubiri amri kutoka kwa wakubwa, angewezaje pia kuwa nyuma, behewa la tano, akiwaonyesha watu namna ya kufungua milango kwa mkono? Kila behewa lina njia ya kufungua mlango kwa dharura. Ni abiria wangapi wanaijua iko wapi? Wewe unayesoma hapa, unaijua ya treni au basi unalopanda kila siku?

Hapo ndipo mwenzetu mmoja amejibu kwamba wafanyakazi walikuwepo kituo cha treni za chini ya ardhi cha King's Cross, London, kilipoungua mwaka 1987, na watu 31 wakafa vilevile. Ni kweli. Kiberiti kilidondoka chini ya ngazi za umeme za mbao, takataka na grisi vikashika, na wahudumu waliokuwepo kituoni hawakuwa wamefundishwa la kufanya. Vifaa vya kunyunyizia maji vilikuwepo chini ya ngazi, havikufunguliwa. Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell ulilisema hilo bila kuficha. Lakini alichopendekeza ni wahudumu wafundishwe vizuri zaidi. Hakusema kituo kiachwe bila mtu.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Liverpool, Oktoba 2011, kituo cha James Street. Msichana wa miaka 16 alikuwa ameegemea treni, na mfanyakazi aliyekuwa ndani yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha jukwaa ni salama, akampa dereva ishara ya kuondoka. Msichana akaanguka katikati ya treni na jukwaa akafa, na mfanyakazi yule akahukumiwa kwenda jela. Wanaotetea makondakta huwa wanaliruka tukio hili. Siliruki. Mamlaka ya usalama wa reli ya Uingereza nayo ilisema Januari 2017, katikati ya mgogoro mrefu wa migomo ya wafanyakazi wa kampuni ya treni ya Southern, kwamba dereva kufunga milango peke yake ni salama mradi vifaa vinafaa, utaratibu upo na wafanyakazi wana ujuzi. Hapo nakubali. Kwa suala la milango peke yake, hoja yenu imesimama. Milango ya jukwaani, yaani ile iliyo ukingoni mwa jukwaa na kufunguka treni ikishasimama, kama ile ambayo Singapore iliiweka kwenye vituo vya chini ya ardhi tangu 1987, inazuia watu kuangukia relini kuliko jicho la mtu yeyote. Tatizo langu ni kwamba mmechukua suala la milango mkaligeuza kuwa suala zima la usalama.

Halafu kuna Delhi, Desemba 2012. Kijana wa kike na rafiki yake wa kiume walipanda basi usiku wakidhani ni usafiri wa kawaida, na waliowafanyia unyama ni wanaume sita waliokuwa ndani ya basi hilo, dereva wao akiwa mmojawapo. Dada mmoja ameandika hapo juu: "Mnasema mtumishi wa basi atatulinda. Na yeye mwenyewe akiwa ndiye hatari?" Swali hilo ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sitalijibu kwa maneno matamu. Basi lile halikuwa na kibali cha kubeba abiria wa njiani, vioo vilikuwa vya giza na mapazia yamefungwa. Halikupaswa kabisa kuwa barabarani likipakia watu. Sare peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda ni mtumishi anayejulikana: ameajiriwa kwa jina lake, ameandikishwa, ana namba inayosomeka kifuani, na basi lake lina vioo vinavyoonyesha ndani. Hapa kamera ina kazi yake halisi: imwangalie mfanyakazi kwa niaba ya abiria. Mtumishi na kamera wakiwa pamoja, kila mmoja anamchunga mwenzake.

Kuhusu makondakta wenyewe, malalamiko mengi niliyoyasoma hapa ni ya haki. Wanatukana, wanasukuma, wanajaza gari hadi watu wananing'inia mlangoni. Lakini tuulize analipwaje. Kondakta ambaye riziki yake inatokana na idadi ya vichwa atajaza vichwa, hata awe mwema namna gani, kwa sababu kila abiria aliyeachwa kituoni ni pesa iliyotoka mfukoni mwake. Mpeni mshahara wa mwezi na muondoe mikono yake kwenye nauli, maana kadi zimekwisha kuja. Ndiyo maana naona kadi ni habari njema kwa upande wangu: zimemwachia kondakta muda wa kufanya kazi ambayo siku zote ilikuwa muhimu zaidi. London walijaribu. Basi jipya la mwaka 2012 lilikuwa na mfanyakazi wa pili ambaye hakukusanya nauli, alisimamia jukwaa la nyuma lililokuwa wazi watu wapande na kushuka. Mwaka 2016 wakaondolewa ili kubana matumizi, na mlango wa nyuma haukuachwa wazi tena basi likiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo nisidanganye mtu: hii ni gharama, na gharama hukatwa mapema sana na watu ambao hawapandi basi usiku.

Mabehewa ya wanawake sitayazungumzia sana. Cairo yapo tangu 1989, Delhi wanawake wametengewa behewa la kwanza tangu 2010. Yanawapa wengi nafuu, siwezi kumbeza anayeyataka. Ila maandishi mlangoni hayamzuii mwanamume kuingia kama hakuna wa kumwambia atoke. Ninaouthamini zaidi ni utaratibu wa Toronto wa 1991, na Montreal wa 1996: mwanamke aliye peke yake usiku anaweza kumwomba dereva amshushe kati ya kituo na kituo, karibu na anakokwenda. Hauna kifaa chochote wala bajeti kubwa. Unahitaji mtu wa kuombwa.

Pia tusisahau abiria wa kiti cha magurudumu. Kituo kisicho na mhudumu, treni isiyo na kondakta, nani atamwekea ubao wa kupandia? Treni inamwacha jukwaani, na kwa vitabu vya kampuni hakuna ajali iliyotokea.

Kama pesa hazitoshi kwa siku nzima, mimi ningeanza na usiku, na njia ndefu ambazo basi hubaki na watu wachache mwishoni. Mchana wenye watu wengi naweza kuvumilia dereva peke yake. Mnaotaka kondakta aondoke kabisa, nijibuni moja tu, na msinijibu kwa kunionyesha kifaa: basi la saa tano usiku, abiria watatu, mmoja wao anabonyeza kitufe cha dharura. Nani anafika pale, anatokea wapi, na baada ya dakika ngapi?