Tanga la mbele la kuviringisha likigoma: tupeane uzoefu

Nanga Mbili: Wakuu, jana mbele ya Ras Kazone, hapa jijini Tanga, kuna yoti tanga lake la mbele lilipiga makofi nusu saa, halikunjiki wala halishuki. Mnaoshughulika na haya matanga ya ngoma, yanayoviringishwa kwa kuvuta kamba iliyozungushwa kwenye ngoma ya chini, mwageni mnayoyajua.

Fundi Chumbageni: Hiyo henza, kamba ya kupandishia tanga, imejisokota kwenye stei, waya wa mbele unaoshika mlingoti. Mtu akitoa tanga kubwa akaweka dogo, anasahau ukingo wa dogo ni mfupi. Kizungushio cha juu, kinachounganisha henza na tanga, kinaishia chini ya mahali pake, henza inakwenda sambamba na stei badala ya kuachana nayo kwa pembe ya kama nyuzi 10 hivi. Ukivuta kamba ya ngoma, reli iliyovikwa stei, inayoshika ukingo wa tanga, inazunguka na henza inazunguka nayo. Akiona nzito, anatia winchi! Winchi haiulizi: inakata waya uzi mmoja mmoja kule juu, na stei ya mbele ikikatika mlingoti unawaangukia walioko kwenye usukani. Dawa ni kipande cha kamba isiyonyumbuka kati ya kichwa cha tanga na kizungushio, urefu wa pengo lenyewe, kizungushio kifike karibu na mwisho wa reli.

Demani: Kweli tupu. Nzito? Simamisha, tazama juu.

Jahazi Halisi: Ngoma, reli, vizungushio... Jahazi unatua foromali, mti unaobeba tanga, unafungua tanga, unafunga jingine, unatweka. Basi.

Fundi Chumbageni: Shehe, na watu sita wa kuvuta jarari, kamba ya kutwekea foromali? Yoti ina mke na mume.

Jahazi Halisi: Wanne wanatosha.

Mama Boti: Turudini. Fanya alfajiri, upepo wa kusi haujaamka, boti iko nangani pua ikitazama upepo. Kunjua lote huku mwenzio ameikaza kamba inayoingia kwenye ngoma. Ikiingia imelegea inajilalia, kesho inakwama. Legeza demani, kamba za kuvutia tanga, halafu henza pole pole: mmoja anavuta ukingo, mwingine anakalia nguo ya tanga isiende majini. Kabla jipya halijapanda pima ugwe wake, kamba iliyoshonwa ukingoni inayoingia kwenye reli. Reli yenye mfereji wa milimita 5 haipitishi ugwe wa 6, na mwembamba mno unachomoka. Tazama pia kitambaa cha kukinga jua kiko upande gani. Kikiviringika ndani, geuza kamba kwenye ngoma. Likishakunjwa, demani zilizunguke mara 2 au 3, na ngoma ibakiwe na mizunguko 3 ya kamba.

Nanga Mbili: Ugwe ukikwama, grisi?

Jahazi Halisi: Tele.

Mama Boti: Mjomba, utamponza. Grisi inashika mchanga. Osha reli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, puliza silikoni.

Demani: Sabuni ya mche kavu nayo inateleza.

Fundi Chumbageni: Likigoma likiwa wazi na upepo umechachamaa, washa injini uzungushe boti duara. Tanga litajifunga kwenye stei lenyewe, kisha lifunge kwa kamba.

Jahazi Halisi: Mbele ya watu wa Ras Kazone? Hiyo sasa ndiyo ngoma.